Naam ya Sumaili

Usiku ule nililala na hasira. Bibi yangu Mwanashe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtu anayelala na hasira halali, anajificha tu, na walio na neno naye watamtafuta hukohuko alikojificha. Mimi nilitafutwa, na nikapatikana.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye sanamu. Mji wetu ni mji mkongwe wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, mji ambao Kiswahili ndicho tunachoamka nacho na Kireno ndicho tunachokivalia viatu. Kuna ngome ya Wareno, na katika ua wa ngome hiyo amelala mtu wa shaba. Ni Gavana aliyetawala huku zamani za mabibi wa bibi zetu. Jina lake siliandiki, limekwisha kuandikwa vya kutosha. Sisi tunamwita Gavana Masharubu. Mwaka wa uhuru vijana walimfunga kamba shingoni wakamwangusha, na kwa kuwa hakubebeka wakamwacha palepale, chali, anatazama mbingu. Haukupita muda wanawake wa ngomeni wakagundua kwamba shaba ikipigwa na jua inakausha makopa, vile vipande vya mhogo, kuliko jamvi lolote. Bibi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga mihogo yake juu ya kifua kile. Nimekula ugali wa makopa yaliyokaukia juu ya medali za Gavana tangu sina meno mpaka nikawa mwalimu.

Sasa wakubwa wa wilaya wanataka kumsimamisha tena. Watalii watakuja, wamesema. Historia ni yetu sote, wamesema. Wamejenga msingi mpya wa mawe mbele ya lango la ngome, na juzi nilipopita pale nikitoka sokoni nililiona neno walilolichonga kwenye jiwe la mbele na kulipaka rangi ya dhahabu. Ni neno moja tu: NAAM.

Niliuweka mfuko wangu wa samaki chini, nikalisoma tena.

Asiyetoka kwetu atauliza neno jema kama hilo lina ubaya gani. Basi nieleze. Gavana huyu alifika huku akiwa ofisa kijana wa manowari. Wakati huo kwao walikwisha kutangaza kwamba kuuza watu ni haramu, lakini visiwa vya miwa huko baharini bado vilitaka mikono ya kukata, na wafanyabiashara wakazua ujanja wao: huyu si mtumwa, ni kibarua, anakwenda kwa hiari yake. Gavana akasema hakuna neno, ila yeye ni mtu wa haki, na hapandishwi mtu melini bila kuulizwa kwanza kama anataka. Akawekewa kiti ufukweni chini ya mwavuli. Mateka wakakalishwa mchangani mikono imefungwa. Mkalimani akaita majina. Na kila mwanamume aliyelelewa pwani, aliposikia jina lake, aliitika kama mama yake alivyomfundisha: naam. Na kila mwanamke akaitika: labeka. Mkalimani akageuka akamwambia Gavana, amesema ndiyo, anakwenda.

Mambo yalikuwa hivyo tu. Hakuna aliyeulizwa kitu. Waliitwa wakaitika.

Mmoja wao alikuwa Sumaili, babu yake Bibi, mtu wa mji huuhuu, aliyekamatwa njiani akitoka ukweni bara pamoja na mkewe. Mke alikuwa mtu wa bara na mambo ya pwani yalikuwa mageni kwake. Kwao ukiitwa huitiki kwa mbali. Unanyanyuka unamwendea aliyekuita. Siku ile alifungwa, hakuweza kunyanyuka, basi alipoitwa akatazama tu. Gavana akasema kwa fahari kwamba huyu amekataa na aachwe, si mnaona, mimi simlazimishi mtu. Mke akaachwa pale ufukweni na mimba yake, na mimba hiyo ndiyo iliyomzaa baba yake Bibi. Wahenga walisema adabu si adhabu. Wangemwuliza Sumaili kwanza.

Gavana alipanda cheo kwa siku ile. Aliisimulia kwao, ikampeleka kwenye ugavana mkubwa zaidi, kisha bungeni, kisha kwenye uwaziri wa makoloni, na mwisho akatia sahihi sheria ya kuwaacha huru watumwa, sheria iliyosema kwamba mtumwa yuko huru ila aendelee kumtumikia bwana wake miaka mingine kwanza. Akafa mzee, kitandani kwake, na jina la mkombozi.

Kwetu alituachia mila moja. Katika ukoo wa Sumaili mtu akiitwa haitiki. Haitiki naam, haitiki labeka. Anauliza: "Unaniitia nini?" Bibi alitufundisha hivyo kwa fimbo, na shuleni tukafundishwa kinyume chake kwa fimbo vilevile. Nilipoolewa, mama mkwe aliniita kutoka jikoni, nami nikamjibu kama nilivyolelewa, ukumbini kwake, mbele ya mashoga zake. Hakunisemesha mpaka nilipojifungua mtoto wa kwanza, na hata hapo alizungumza na mtoto. Bibi alipoletewa mashtaka hakuomba radhi. Alisema, "Mwanangu ana adabu zake. Kuitika si kukubali, lakini wako watu hawajui tofauti yake."

Sasa nije kwenye simu. Mimi nafundisha Kireno, na wageni wakija mjini mimi ndiye ninayewafasiria. Jioni ile ya kuamkia sherehe ya kumsimamisha Gavana, mkuu wa wilaya alinipigia. Nilijua anataka nini, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumkatalia, maneno mazuri, nikayasema mbele ya kioo. Simu ikalia. Akasema, "Mwalimu Zaina?" Na mimi, mwana wa ukoo wa Sumaili, kwa kuwa ni mkubwa wangu wa kazi na sauti yake ni nzito, nikasema, "Labeka."

Akasema vizuri sana, alijua sitamwangusha, dereva atanifuata asubuhi, na kitukuu wa Gavana keshafika kutoka Ureno na anafurahi sana. Akakata simu. Nilibaki nimeishika ile simu kama aliyeshika mkia wa nyoka. Baadaye dereva alileta hotuba ya mgeni ili niisome kabla, na katikati yake niliikuta habari ya ufukweni, imepambwa: babu yetu aliwauliza mmoja baada ya mwingine, nao wakamjibu kwa neno zuri la lugha yao, neno la kukubali, naam. Mdomo uliponza kichwa. Nilizima taa nikiwatukana wote, nikianza na mimi mwenyewe.

Nilipofumba macho, kulikuwa adhuhuri.

Ni ua wa ngome, jua limesimama juu ya kichwa, na Bibi yangu ameinama juu ya sanamu anageuza makopa yake. Amevaa kanga ileile tuliyomfunikia siku ya mwisho, na miguu yake ni mizima, haina ule uvimbe. Sikushangaa kumwona. Nilishangaa kwamba hanitazami. Alipokuwa hai kila nilipoingia ua ule alikuwa akiinua uso. Sasa anageuza kopa moja moja, anapekua, kama mtu anayetafuta wadudu, na mdomo umefungwa. Nikajua amekasirika, na nikajua amenikasirikia mimi.

Nilitaka kumwamkia, sauti haikutoka. Yeye hakuniita jina. Hilo nalo nililijua hata ndani ya usingizi: maiti anayekupenda hakuiti jina, kwa sababu akikuita ukaitika umekwenda naye. Bibi alinipungia mkono tu, nisogee. Nikasogea. Akanipa ungo.

"Nishikie," alisema. "Niyatoe makopa yangu. Huyu anataka kuinuka."

Tunayaondoa makopa. Kila ninapotoa kipande, chini yake pana weupe, na weupe ule ni nguo, ni sare ya kijeshi iliyopigwa pasi, na chini ya kitambaa kuna kitu kinapumua. Nikamwambia Bibi tumrudishie, tumfukie kwa mihogo asipumue. Bibi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyemwinua ni mimi, nimemwinua kwa simu. Kisha ungo umejaa, na ua umekuwa ufukwe.

Yule pale, kijana, kwenye kiti chake chini ya mwavuli. Hakuwa na sura mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Masharubu ndiyo kwanza yanaota. Anajifuta jasho kwa leso, anaonekana mtu aliyeamka na nia njema. Miguu yangu inaungua kwenye mchanga. Nikatazama nimesimama wapi, nikaona nimesimama pembeni ya kiti, mkono wa kulia, mahali pa mkalimani.

Mbele yetu wamekaa. Sikuweza kuuona mwisho wao. Wamekaa kimya, magoti yamekunjwa, kama wanafunzi wangu siku ya mtihani, na Gavana akanigeukia akasema kwa Kireno, kwa upole kabisa, "Waulize kama wanakwenda kwa hiari yao."

Nikafumbua kinywa niwaulize. Haki ya Mungu nilitaka kuwaulizia swali lenyewe, lote, neno kwa neno. Kilichotoka ni jina. Nilisikia sauti yangu ikiita jina kwa lafudhi ya darasani, ile ninayoitia mahudhurio, na mtu mmoja akainua kichwa haraka, akanyoosha mgongo, akasema, "Naam."

Alikuwa na pua ya kaka yangu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeitwa na mkubwa na sasa anasubiri kuambiwa. Ameinamisha kichwa kidogo, kwa heshima. Alikuwa mzuri katika adabu yake ile, jamani, amefungwa mikono na bado anaitika kama yumo barazani kwa baba yake. Nikamjua kwamba ni Sumaili.

"Anasemaje?" Gavana akauliza.

Nilikaza meno. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Lakini kinywa kikasema, "Amesema ndiyo," na ilikuwa sauti yangu, Kireno changu safi ninachojivunia, na Gavana akatabasamu na kusogeza kidole, na Sumaili akanyanyuliwa. Alipopitishwa mbele yangu aliendelea kunitazama vilevile, anasubiri. Hakuwa na chuki. Alidhani nitamwambia.

Nikaita jina la mwanamke. Mwanamke akatazama. Nikaita tena, kwa ukali wa mwalimu. Akatazama. Moyo wangu ulikuwa unampigia makofi, usiitike, mama, usiitike, kaa na ushamba wako huo, na Gavana akasimama kutoka kitini, akafungua mikono kama imamu anayeomba dua, akatangaza kwamba huyu hataki, mwacheni aende, mimi ni mtu wa haki. Watu fulani wakapiga makofi. Nikageuka kuona ni akina nani, kwa sababu ufukweni hapakuwa na watu wa kupiga makofi.

Ni ukumbi. Viti vimepanda ngazi kwa ngazi, wamejaa wazee wenye kola ngumu, na kiti cha Gavana ni kilekile ila sasa kina mto wa mahameli. Masharubu yamejaa, yameingia mvi. Anawahadithia ya ufukweni. Anasema waliniambia naam, waheshimiwa, naam, kwa vinywa vyao, na neno lenyewe linatoka puani, na wazee wanalirudia baina yao, naam, naam, kama watu wanaoonja mvinyo. Mimi bado nipo pembeni yake. Kila akipanda cheo, medali moja inaongezeka kifuani, na kila medali ikiingia namsikia mtu mmoja kwa mbali anaitika, kwa adabu, naam, na hakuna anayegeuka.

Chini ya viti vile kulikuwa na mchanga. Nikautazama nikaona hawajaondoka. Wamekaa vilevile katikati ya ukumbi, magoti yamekunjwa, na waheshimiwa wanawaruka wakipita, bila kutazama chini, kama unavyoruka dimbwi ulilolizoea.

Bibi naye yupo. Ametandika kanga mbele ya meza ya waziri na amemwaga makopa yake juu yake. Gavana, mzee sasa, anatia sahihi sheria yake ya uhuru, na wino unakauka pole pole kwa kuwa ukumbi ule hauna jua. Anasema wako huru, ila bado kidogo. Bado kidogo tu, miaka kadhaa, wamalizie kazi. Ananigeukia. "Wafasirie," anasema. "Waambie nimewakomboa. Waambie washukuru."

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumpiga. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu, lakini ungo ulikuwa mkononi nikauinua nimpige nao usoni, na mkono wangu ukagongana na kitu kigumu, cha moto, kikalia ngoo. Ni shaba. Amesimama juu ya msingi wake mbele ya lango la ngome, mrefu, anameta, amesuguliwa kwa limau, na chini ya viatu vyake neno limechongwa kwa dhahabu.

Ua ni mtupu. Jua halijasogea. Mbele ya jiwe lile amekaa mtu mmoja, anamtazama Gavana usoni, amekaa kama amekuwa akikaa pale tangu asubuhi ya dunia. Mikono ingali imefungwa.

Nikapiga magoti nimfungue. Kamba ilikuwa ya katani, imelowa, na kucha zangu hazikuiweza. Nikaanza kulia kwa hasira, si kwa huzuni, nikamwambia babu nisamehe, mimi ndiye, ni kinywa changu. Sumaili akanitikisia kichwa niache. Alinitazama kwa namna ya mtu mwenye shauri la kuuliza, asiyetaka kumchosha mwenyeji wake.

"Mjukuu wangu," alisema, "wewe ni mwalimu. Mtu akiitwa akasema naam, aliyemwita anatakiwa afanye nini?"

Nikafikiri. Halikuwa swali gumu. Mtoto wa chekechea analijua. "Anatakiwa aseme alichomwitia," nikamjibu.

"Huyu alisema?"

"Hakusema, babu."

"Basi. Mwambie mimi nilimwuliza. Bado namsubiri anijibu."

Alirudisha uso wake kwa Gavana na akatulia, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama kidogo. Mimi nilibaki pale magotini kama niliyemwagiwa maji. Miaka yote tumekuwa tukiionea haya naam ile. Tumeificha kama ugonjwa wa ukoo, tumepigana na walimu na mama wakwe kwa ajili yake, na mimi mwenyewe juzi mbele ya jiwe niliiona kama kosa la babu yetu lililochorwa kwa dhahabu ili kila mpita njia alione. Na kumbe mwenyewe haioni kosa. Mwenyewe aliuliza swali, na aliyekosa adabu siku ile ni mmoja tu, naye alikuwa amekaa kitini.

Bibi alikuja nyuma yangu. Nilisikia harufu yake kabla sijamwona, moshi na mafuta ya nazi. Sasa ananitazama, uso wake wote, na ile hasira bado imo lakini imenipita, imekwenda kwa yule wa juu. Akataka kusema kitu. Na wakati huohuo, kutoka nje ya lango, sauti nzito ikaniita.

"Zaina!"

Mwili wangu wote ukageuka. Nilihisi labeka ikipanda kutoka kifuani, tayari imefika kooni, tamu, nyepesi, kama ilivyonitoka kwenye simu. Bibi akachukua kopa kutoka kwenye ungo akanitia kinywani, akanifumba midomo kwa kiganja chake. Lilikuwa gumu, chungu, na la moto kwa jua. "Tafuna kwanza," alisema.

Nikaamka natafuna.

Kulikuwa kumekucha. Kinywa changu kilikuwa kikavu, kimejaa uchungu wa mhogo, ingawa usiku ule nilikuwa nimekula wali. Mtu alikuwa anagonga mlango na kuita, Mwalimu Zaina, Mwalimu, na nilijua sauti hiyo, ni ya dereva wa mkuu wa wilaya, mtu mpole ambaye hana kosa lolote. Nikamwacha aite. Nilikaa kitandani nikamaliza kutafuna hewa yangu, nikanawa uso, nikajifunga kanga, ndipo nikafungua.

Alikuwa ameshakata tamaa, amekaa juu ya ngazi. Akasema Mwalimu nimekuita mpaka majirani wametoka, mbona huitiki, nilidhani umepatwa na jambo.

"Unaniitia nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kidogo, kwa kuwa ni mtu wa pwani naye na sikio lake lilisikia ubaya. Kisha akaeleza, yote, kwa utaratibu: wageni wamekwisha kukaa, kitukuu wa Gavana ana ua la kuweka miguuni pa sanamu, hotuba inaanza baada ya wimbo, na mheshimiwa ameuliza kama tafsiri iko tayari.

Angalia ilivyo rahisi. Mtu ameulizwa ameitia nini, akasema. Gavana mzima, na medali zake zote, hakuliweza jambo ambalo dereva huyu amelifanya juu ya ngazi yangu kabla ya kunywa chai.

"Iko tayari," nilimwambia. "Nimebadilisha neno moja tu."

Sasa navaa. Naandika haya haraka huku dereva akinisubiri garini, kwa sababu ndoto ikishakanyagwa na mchana huharibika. Wakiniita jukwaani sitasema labeka. Nitasimama mkono wa kulia, mahali pa mkalimani, na mgeni akifika kwenye lile neno nitalifasiri sawasawa, kwa Kiswahili kwa watu wangu na tena kwa Kireno kwa ajili yake. Nitamwambia naam ile ni swali. Nitamwambia yule aliyeuliza amekaa hapo chini ya ua lako, bwana, mikono imefungwa, na anataka kujua babu yako alimwitia nini.